Mama Mwikali Atalala Wapi?

Nimestaafu, lakini simu yangu bado haijapata habari hizo. Shule zikikaribia kufunga tu, mnaanza. "Auntie Ndunge, shikamoo, tunataka kwenda Ulaya kama familia, watu watano, miji sita, siku kumi, tumejipangia wenyewe bila kampuni, angalia tu kama iko sawa." Halafu inafuata orodha ndefu ambayo simu imewatengenezea, ina picha za makanisa na vikombe vya kahawa.

Haiko sawa. Sijaifungua bado, lakini haiko sawa.

Nimekatia watu tiketi miaka thelathini na mmoja. Tisa ya mwanzo nilikuwa Nairobi, iliyobaki nikawa huku mjini Wote, kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, ambapo wateja wangu walipanda ngazi wakipiga chafya kwa sababu ya harufu ya dawa ya kupe. Nimechoka kumjibu kila mmoja wenu peke yake, kwa hiyo leo nawajibu wote pamoja, na mkikasirika mkasirikie hapo hapo mlipo.

Simu zenu zinajua mengi kuliko mimi. Zinajua treni ya saa ngapi iko wapi, zinajua hoteli gani ina kunguni. Kile zisichokijua ni nyinyi wenyewe. Haziwajui mama zenu, hazijui nani kati yenu hawezi kupanda ngazi wala nani hasemeshani na nani, na nyinyi mnaojua hamsemi.

Bosi wangu wa kwanza aliitwa Bibi Rehema. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Siku yangu ya pili kazini nilimpelekea mpango wa familia moja, nimeupamba kwa rangi mbili, majina ya miji yamepigiwa mstari. Akaugeuza juu chini, akauweka kando, akachukua karatasi ya kaki ya kufungia nyama na kuchora mistari kumi na minne.

"Hizi ni usiku kumi na nne," akasema. "Jaza kila mstari. Mji gani, kitanda gani, nani amekupa hicho kitanda, na karatasi ya kuthibitisha iko wapi. Safari ni vitanda, Ndunge. Miji ni mapambo."

Nilimwona mshamba. Baada ya mwezi nilikuwa na karatasi za kaki kwenye droo yangu, na nimezitumia mpaka siku niliyofunga ofisi. Ukikosa kujaza mstari mmoja, hapo ndipo safari yako itavunjikia, na itavunjikia kwenye stesheni ya watu, mvua inanyesha, watoto wanataka choo.

Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi kutoka Nuu alikataa kabisa hiyo karatasi. Alitaka miji saba kwa siku kumi, yeye, mkewe na watoto wanne. Nikamweleza kwamba kila ukihama mji unapoteza nusu siku: kufunga mizigo, kutafuta stesheni, kusubiri, kufika, kutafuta hoteli, kuambiwa chumba hakiko tayari.

"Madam," akaniambia, "mimi natoa mbuzi mia Nuu mpaka machinjioni Kiamaiko, Nairobi, siku moja, na hakuna mmoja anapotea."

"Mbuzi hawana masanduku," nikamjibu. "Na hawaombi kupigwa picha."

Alienda. Aliporudi alipanda ngazi zangu polepole, akakaa, akafuta jasho. Alikuwa ameona stesheni saba za treni, akasema, na zote zinafanana. Watoto walikuwa wamemwomba warudi Nuu kuanzia mji wa tatu.

Halafu majina. Hapa Ukambani sisi wenyewe ni mateso ya makaratasi. Baba ana jina lake na la babake. Mama ana lake na la babake. Mtoto wa kwanza amepewa jina la babu wa huku, wa pili la bibi wa kule, na kwenye pasipoti kila mtu ana jina la mwisho tofauti na mwenzake. Nenda kwenye dirisha la viza na watu watano wenye majina matano useme hii ni familia moja. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vile vyenyewe, si nakala ya nakala. Bebeni cheti cha ndoa. Barua ya chifu iacheni nyumbani, haijawahi kumsaidia mtu yeyote mbele yangu. Nimelisema hili mara elfu, na bado mwaka jana kuna mtu alinipigia akiwa kwenye foleni kuniuliza kama picha ya harusi itatosha.

Sasa niwaambie juu ya kosa langu, kwa sababu mkiendelea kunisikiliza nikiwacheka wengine mtadhani mimi sikuwahi kukosea. Nilikosea, tena vibaya, na nilikuwa na miaka thelathini kazini.

Mwalimu Kimeu wa Kilungu alikuja ofisini mwezi wa tatu, mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Alikuwa amefundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu. Mliopita mikononi mwake mnamjua: ndiye aliyewafanya mchore kutoka kichwani bandari ya Rotterdam na polda za Uholanzi, zile nchi kavu zilizonyang'anywa bahari, na ukikosea mto Rhine unarudia. Watoto wake watatu wote walikuwa wamehamia huko huko alikokuwa akichora. Mwikali, kifungua mimba, aliolewa Lyon na Mfaransa mmoja aitwaye Luka. Kasyoka alikuwa muuguzi wa wazee Rotterdam. Mutinda, kitinda mimba, alikuwa akifanya kazi kwenye ghala Hamburg, na alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka kumi na tano.

"Ndunge," akaniambia, "daktari amesema hii presha ya macho haitarudi nyuma. Pembeni nimeshaacha kuona. Hii ya katikati imebaki inaenda kidogo kidogo. Amesema mwisho wa mwaka hawezi niahidi kitu."

"Pole sana, Mwalimu."

"Usinipe pole. Nipangie safari. Nataka kuona hao watoto watatu nikiwa bado naona. Sauti zao niko nazo kwa simu. Nataka sura."

Nilitoa karatasi ya kaki. Na niseme ukweli, sijawahi kupanga safari kwa moyo namna ile. Ndege rahisi ilikuwa ya kuanzia Hamburg. Akakataa. Hawezi kupita kwa mdogo akienda kwa mkubwa, Mwikali angeudhika na angekuwa na haki. Basi Lyon kwanza, usiku saba. Rotterdam, usiku nne. Hamburg, usiku nne. Kwa kuwa usiku mwingi ni Lyon, maombi ya viza yanapelekwa kwa wenye Lyon. Hilo nalo mlishike, unaomba kwa nchi utakayolala zaidi, si kwa ile yenye foleni fupi. Treni zote nilizipa saa nzima ya kubadilisha, kwa sababu mtu asiyeona namba ya jukwaa hawezi kukimbia dakika nane na sanduku. Na nilichagua Juni. Juni kule jua linazama karibu saa nne za usiku. Kwa mtu anayehitaji mwanga, hiyo ni kama kupewa siku mbili kwa moja. Nilijipongeza sana juu ya hiyo Juni.

Haya yote niliyapanga na Mwalimu, na Mwikali kwa simu. Mkewe, Mama Mwikali, alikuja mara mbili tu: siku ya picha na siku ya kutia sahihi. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni na kiondo chake, akanisalimu vizuri, akaniachia maparachichi. Sikumuuliza kitu. Niliandika kwenye ule mstari wa kwanza mpaka wa saba: Lyon, nyumbani kwa Mwikali na Luka, barua ya mwaliko ipo. Nikaona mambo yamekaa sawa.

Wakaenda Nairobi kwenye dirisha la viza. Wiki tatu baadaye majibu yakatoka. Mwalimu amepewa. Mama Mwikali amekataliwa, malazi yake hayajathibitishwa.

Nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimeambatanisha barua ya mwaliko, mkataba wa nyumba, hata picha ya kitanda! Nikawaita wote wawili. Mama Mwikali akaketi kwenye kile kile kiti cha mlangoni.

"Mama, waliuliza nini huko dirishani?"

"Waliniuliza nitalala kwa mkwe wangu? Nikasema hapana."

"Ukasema nini?"

"Nikasema hapana. Yule msichana akasema barua inasema ndiyo. Nikamwambia barua ni ya mtoto, mimi ndio mama. Siwezi lala nyumba moja na mkwe wangu. Hiyo ni nthoni. Itakuwa aibu kwake na kwangu."

"Halafu?"

"Akauliza, sasa utalala wapi? Nikasema, Mungu atafungua mlango."

Mungu atafungua mlango! Kwenye maombi ya viza! Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu, na nikajua yeye pia hakuwa amewaza jambo hilo hata siku moja. Alikuwa ameshughulika na treni. Sikumlaumu msichana wa dirishani. Karatasi inasema mtu atalala hapa, mtu mwenyewe anasema hatalala hapa. Mimi ningemkataa pia.

"Mama Mwikali," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe si Mkamba? Nilidhani unajua. Mama yako kule Zombe amewahi lala kwa bwana yako?"

Hajawahi. Mama yangu alikuja Wote kuniona miaka ishirini, na hakulala kwangu hata usiku mmoja. Alikuwa analala kwa jirani, mjane mmoja mwalimu wa Sunday school, na asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa nikimpelekea uji huko. Nilikuwa nabeba ile chupa ya uji kwa mikono yangu, na bado nikaandika mistari saba ya uongo kwenye karatasi ya kaki. Nilikuwa nimeuliza kitanda kiko wapi. Sikuuliza kama anaweza kukilalia.

Nikapendekeza Mwalimu atangulie, kwa kuwa yeye amepata. Akatikisa kichwa. Nani atamshika mkono kwenye ngazi? Nani atamwambia choo cha wanaume ni kipi? Mkewe ndiye aliyekuwa upande wake wa kushoto na wa kulia. Viza yake ikakaa kwenye pasipoti mpaka muda wake ukaisha.

Lyon nako wakaanza vituko. Luka aliposikia habari alihuzunika, akadhani mama mkwe hampendi. Akasema atawaachia wazee chumba chake na kitanda chake. Mama Mwikali nusura azimie: kitanda cha mkwe! Luka akasema basi, yeye atahamia kwa nduguye wiki nzima. Mama akasema hawezi kumfukuza mtu kwake. Nilikuwa katikati na simu mbili, moja sikio hili, nyingine lile, Mwikali anatafsiri na kulia. Mwishowe nikawanyamazisha wote na kupanga chumba kwenye hoteli ndogo iliyo ng'ambo ya barabara ya nyumba yao. Ilinichukua dakika kumi. Dakika kumi, na ningeweza kuzitumia mwezi wa tatu.

Lakini miezi ile ya joto kila mtu anataka kwenda kule, na siku za kupeleka maombi zilikuwa zimejaa. Tulipata nafasi Septemba. Viza zikatoka zote mbili. Ndege ikawa Novemba, na siku zikawa chache kuliko mwanzo, Hamburg ikabaki na usiku mbili tu.

Mwezi wa tatu Mwalimu alikuwa akipanda ngazi zangu mwenyewe. Septemba alipanda akipapasa ukuta, anahesabu kwa sauti ya chini, na fomu aliniomba nimsomee. Sikulala vizuri miezi ile, na sioni haya kuwaambia. Mtu alikuwa amenikabidhi macho yake ya mwisho, nami nikayaacha yapotee kwenye foleni.

Nikachora karatasi mpya na kuongeza safu moja ambayo Bibi Rehema hakunifundisha: jua. Hamburg mwishoni mwa Novemba linatoka baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na dakika kidogo jioni, na kati ya hapo mara nyingi ni mawingu. Nikapanga kila kitu kizunguke saa sita mchana. Treni za asubuhi na za jioni, lakini saa sita mchana Mwalimu awe nje, mahali peupe, na mtoto wake awe mbele yake. Nikawapigia watoto mmoja mmoja. Mwikali akaandika. Kasyoka akaandika. Mutinda akaanza.

"Auntie, hiyo siku niko na shift mpaka saa tisa."

"Omba ruhusa."

"Unajua huku si kama hapo. Ukiomba off wanakuweka kwa list."

"Sikuombi wiki. Naomba saa sita mchana, siku moja. Hamburg wako na siku moja tu nzima, Mutinda."

"Sawa, nitajaribu."

"Usijaribu. Andika mahali."

"Auntie, relax. Mzee ataniona tu. Si ninaenda hoteli kwao?"

Relax! Nilimweleza juu ya mwanga, juu ya mawingu, juu ya daktari. Akasema sawa, sawa, sawa. Mtu akikuambia sawa mara tatu jua hajasikia hata ya kwanza. Nilimpigia tena wiki ile, mara nne.

Wakaondoka. Mwikali alinitumia picha: Mwalimu kwenye roshani saa sita mchana, jua lipo, wajukuu wanapita mbele yake mmoja mmoja kama ukaguzi wa gwaride, anawashika kidevu na kuwageuza. Mama Mwikali alikuwa amelala ng'ambo ya barabara kila usiku, na kila asubuhi Luka alivuka na mkate mkononi, akamkuta mlangoni pa hoteli, akamsalimu kwa mbali kidogo, kwa heshima, na wakaelewana kabisa. Kasyoka akampeleka babake bandarini Rotterdam. Kreni aliziona kama vivuli, lakini maji aliyaona, na akamweleza binti yake, na kila mtu aliyekuwa karibu, jinsi bandari ile ilivyojengwa. Uso wa Kasyoka aliutazama mpaka Kasyoka akaona aibu.

Hamburg sikutumiwa picha yoyote.

Siku hizi Mwalimu haoni kitu tena. Lakini Desemba ile waliporudi alikuwa bado anatofautisha dirisha na ukuta. Walikuja Wote, Mama akimshika mkono, wakapanda ngazi zangu. Sikungoja wakae.

"Mutinda alikuja saa sita?"

Mama Mwikali akageuza uso. Mwalimu akatafuta kiti kwa mkono, akaketi.

"Alikuja saa kumi na moja," akasema. "Mwenzake hakufika kazini, wakamshikilia. Saa kumi na moja huko ni giza, Ndunge. Nilitoka nje ya hoteli nikaona tu kitu kirefu. Nikamuuliza mama, huyu ni nani? Akasema, ni Mutinda."

Nilisema neno moja la Kikamba ambalo sitaliandika hapa.

"Ngoja," akasema. "Karibu hapo kulikuwa na duka la dawa, hizi zetu za watu, si kama hii yako ya ng'ombe. Ina dirisha kubwa na taa nyeupe, nyeupe sana. Nikamvuta mpaka hapo. Nikamwambia simama, toa kofia, angalia mimi."

"Ulimwona?"

"Mimi nilikuwa natafuta kijana. Aliondoka hapa na miaka ishirini na mbili, na nywele imejaa. Ndunge, ako na kipara. Kipara ya baba yangu, ile ile, imeanzia hapa ikaenda hapa. Mashavu yameingia. Si unajua nilimpa jina la baba? Sasa ni yeye mwenyewe amesimama hapo kwa dirisha, yule nilizika kule Kilungu, watu wanapita na mifuko yao, na analia ameweka mkono kwa mdomo, vile baba alikuwa analia. Akataka kukuja kunishika. Nikamwambia, usitoke hapo bado."

Mama Mwikali alikuwa amefunika uso kwa leso.

"Ulimtazama kwa muda gani, Mwalimu?"

"Mpaka wenye duka wakazima taa."